Mita Ilionyesha

Tunduma, Jumatano, mchana

Mwanangu Atupele,

Umekwenda Hasamba kumuaga mjomba wako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nimekupigia hesabu: kwenda, kula ugali ambao hawatakuruhusu uuache, kurudi. Nina saa tano, labda sita. Jana nilikuita, ukakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, nikakuuliza kama umeshafunga sanduku. Ukasema, "Nimefunga, Baba, tangu juzi." Nikasema vizuri. Ukaondoka ukidhani hilo ndilo nililokuitia.

Sitakuandikia habari za safari. Basi la Kigoma unalijua, shuka zako umekunja, na kazi ya uuguzi unayoiendea huko ulifundishwa na watu wanaoijua. Hata kama ningetaka kukupa maagizo ya kila siku, pumzi haitoshi. Miguu imevimba mpaka magotini, na daktari alipokutoa nje wiki iliyopita niliona uso wako uliporudi. Sihitaji kuambiwa.

Ninaanza na mita, kwa sababu ndiko jambo lenyewe lilikoanzia.

Tangu macho yangu yaingie ukungu, kila jioni unafungua kile kisanduku cha luku, mita yetu ya umeme, kwenye korido na kunisomea yuniti zilizobaki. "Kumi na moja nukta nne, Mwalimu Mkuu!" Kisha nakuomba uzime kila kitu ndani ya nyumba, taa, friji, hata chaja ya simu, utazame kile kitaa chekundu, kinachopepesa umeme unapotumika, kama kimetulia. Ukisema, "Kimetulia," ndipo nakula. Umenitania sana. "Baba, hii mita ungeioa tu." Majirani wanasema mwalimu ni bahili, anahesabu umeme kama punje za mchele. Nimewaacha waseme. Ubahili ulikuwa jina zuri kuliko la kweli.

Mimi huogopa kitaa kile, mwanangu. Kila jioni kwa miaka yote hii nimekiogopa.

Ulipokuwa na miaka minne tulikuwa na mita ya zamani, ile yenye kioo. Ndani yake kulikuwa na namba zinazobingirika, nyeusi za yuniti nzima na nyekundu moja mwishoni, sehemu ya kumi. Chini ya namba kulikuwa na kisahani chembamba cha bati, kimelala ubapa, kina alama nyekundu ukingoni. Umeme ukitumika kinazunguka. Ukipiga pasi kinakimbia. Ukiacha taa moja kinajikokota. Ukizima kila kitu lazima kisimame. Hayo ndiyo niliyomfundisha mama yako tulipohamia nyumba hii. Nilimfundisha kwa kujionyesha. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimekwenda chuo kikuu, na Rehema alikuwa ameishia darasa la saba kule kwao Hasamba. Nilipenda namna alivyonitazama nilipokuwa naeleza.

Alinishinda. Mimi nilisoma mita nilipokumbuka. Yeye alinunua daftari la kurasa arobaini na kusoma asubuhi, mchana na jioni, kwa mwandiko wake mkubwa ulioegemea nyuma. Hujawahi kuuona mwandiko wa mama yako. Najua, kwa sababu uliwahi kuniomba ukiwa kidato cha kwanza, hata kipande cha barua, nikakuambia hakuna kilichobaki. Nilikudanganya. Nitafika hapo.

Shangazi yako Sekela alikuwa akiishi nasi wakati huo. Nilimleta kutoka kwetu Ikinga, Ileje, aje amsaidie mama yako kukulea. Ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka ukawa mzito wa kubebwa. Jumamosi moja, masika, tulikuwa tumekaa tunamenya maharage, mama yako akasema:

"Baba Atupele, mita yetu inatembea yenyewe."

"Mita haina miguu," nikasema.

"Nimezima taa, nimezima redio, pasi iko kabatini. Kisahani kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Nimeandika."

Sekela akadakia, "Na ule waya wa kuanikia nguo umenipiga shoti leo, kaka. Umenishika hapa mpaka kwenye kiwiko. Ukiuacha hivi utaua mtu."

Nilicheka. Nakumbuka nilivyocheka, na ganda la maharage mkononi. "Mmoja mita yake ina miguu, mwingine waya wake una meno. Nyumba hii ina wanasayansi wawili na mwalimu mmoja mjinga."

"Cheka tu," Sekela akasema. "Shoti haiulizi nani ana digrii."

Mama yako hakucheka. Aliendelea kumenya.

Sasa sikiliza. Umeme wa kwenye jiko la nje niliuweka mimi. Mama yako alitaka fundi. Nilisema mwalimu wa fizikia hawezi kumwita kijana wa mtaani aje kumfungia taa moja na soketi moja. Nikanunua waya mwembamba wa bei rahisi, nikaupitisha chini ya ukingo wa bati, nikaukaza kwa misumari niliyoikunja kwa nyundo. Sikufunga waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme uliotoroka ardhini usimpate mtu. Nilijua unahitajika. Nilikuwa naufundisha, kidato cha tatu, kwa mchoro. Na waya wa kuanikia nguo nao ulifungwa kwenye bati hilohilo.

Kesho yake, Jumapili, wao walikwenda kanisani na wewe. Mimi nikasingizia kichwa. Walipopinda kona nilizima kila kitu, nikasimama mbele ya mita. Kisahani kilikuwa kinazunguka. Nilihesabu: alama nyekundu ilipita, nikafika arobaini, ikapita tena. Nikashusha swichi kuu. Kikasimama. Nikaipandisha. Kikaanza tena. Jibu halikuwa na utata. Mita ni nzima, hitilafu iko ndani ya nyumba, na kitu pekee ndani ya nyumba ambacho hakikufungwa na fundi ni kile nilichofunga mimi.

Ningeweza kukata ule waya hapohapo. Koleo lilikuwa kwenye droo. Ni kazi ya dakika mbili.

Nilisikia sauti zenu zinarudi, nikawasha kila kitu, nikafungua redio. Mama yako akavua kilemba, akaniuliza taratibu, maana alinijua, "Umeangalia?"

Nikasema, "Nimeangalia. Hakuna kitu."

Nimefundisha miaka thelathini na mbili, Atupele. Nimesema maneno mengi mbele ya watu. Maneno yote hayo yangefutwa nibaki bila hata moja, ningekubali, mradi hayo mawili nayo yafutwe.

Unataka kujua kwa nini. Nami nimetaka kujua. Sikuwa mlevi, sikumpiga mama yako hata siku moja, nilimpenda. Lakini nilikuwa nimecheka mbele ya dada yangu na mke wangu, na kukata waya ule kungekuwa kuwaambia kwamba darasa la saba limeona nilichoshindwa kuona. Nilipanga Ijumaa. Wanafunzi wangemaliza mtihani, wao wangekwenda sokoni, ningebadili waya kimyakimya na kisahani kingesimama, na mimi ningesema, "Mnaona? Niliwaambia." Hiyo ndiyo bei ya mama yako. Siku tano za kuogopa kuambiwa, "Tulikuambia."

Jumatano mvua ilinyesha asubuhi kisha jua likatoka. Sekela alikuwa amekupeleka kliniki. Nilirudi nyumbani mapumziko ya mchana. Beseni lilikuwa limepinduka uani, gauni lako la njano linaning'inia kwenye waya kwa mkono mmoja, na mama yako amelala chini yake kwenye matope.

Nilikimbilia swichi kuu nikaishusha. Mkono wangu ulijua pa kwenda. Kisha, mwanangu, sikwenda kwake. Nilikwenda kwenye jiko la nje na koleo, nikaukata ule waya, nikaung'oa na misumari yake, nikauficha juu ya dari. Ndipo nikatoka nikapiga yowe.

Sijui kama alikuwa bado na pumzi nilipofika. Sikuangalia kwanza. Wewe ni muuguzi, unajua dakika hizo zina maana gani. Mimi nimezijua kwa kusoma, baadaye, katika vitabu, nikitafuta kitabu kitakachoniambia zisingebadilisha kitu. Sijakipata.

Hospitali waliandika kwamba moyo ulisimama. Ilikuwa kweli, na nikajificha nyuma ya kweli hiyo.

Baada ya mazishi ndugu wa mama yako walikaa kikao hapa uani, kama ilivyo desturi, kuuliza ni nini kilichomchukua binti yao aliyekuwa mzima. Mjomba wako ndiye aliyeongoza. Jirani mmoja akasema wifi wa marehemu alisikika akisema humu ndani kwamba mtu atakufa. Wote wakamgeukia Sekela.

"Nilisema," akasema. "Nilisema waya ule utaua mtu. Ni umeme. Muulizeni kaka."

Wakanigeukia mimi. Mjomba wako akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Ni umeme?"

Wewe uliketi mapajani mwa Sekela. Ulikuwa unachezea vifungo vya gauni lake.

Nikasema, "Ungekuwa umeme, mita ingeonyesha."

Nikawachukua wazee mpaka kwenye mita. Nikazima kila kitu mbele yao. Nikawaeleza kisahani, kama darasani. Kilikuwa kimetulia kabisa, bila shaka kimetulia, waya wenyewe ulikuwa juu ya dari kama nyoka aliyekufa. Mzee mmoja akavaa miwani akatazama, akasema, "Kimesimama kweli." Wengine wakaguna. Sekela alikuwa amesimama nyuma yao, amekubeba. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kaka, waya wa jikoni uko wapi?"

Nikamtazama dada yangu, mtoto wa mama yangu, nikasema, "Waya gani?"

Basi. Hakuniuliza tena. Alikushusha chini, akakupangusa makamasi kwa ncha ya khanga yake, akaingia ndani kukusanya vitu vyake. Walimtoa jioni hiyohiyo. Walimwita mchawi mpaka stendi.

Unakumbuka alivyokuja ulipokuwa na miaka kumi. Alitembea na kapu la ndizi mbivu kutoka Ileje, akasimama getini hakuingia. Ulikuwa umeshafundishwa na ukoo wa mama yako. Ulimwaga ndizi zile barabarani, malori ya mpakani yakazikanyaga, ukamwambia, "Umemuua mama yangu." Nilikuwa dirishani. Aliinama akaokota kapu tupu. Nilifunga pazia. Ulipoingia ndani nilikupa chai.

Mwanangu, sikuandikii ili nife nimetua mzigo. Ningekuwa nataka hivyo tu ningemwita mchungaji. Nakuandikia kwa sababu ya Jumamosi hii.

Dereva anayeleta maharage kutoka Ileje alipita hapa wiki iliyopita ukiwa kazini. Mtoto wa jirani yake Sekela amefariki kwa homa. Kijiji kinasema ni yeye, na ushahidi wao ni mmoja: "Alimuua hata wifi yake kule Tunduma, kaka yake mwenyewe msomi alithibitisha." Usiku mmoja wamechoma mlango wake. Jumamosi kuna mkutano wa kumwondoa kijijini, na dereva alisema kwa kuinamisha kichwa kwamba vijana wengine hawataki kusubiri kumwondoa, wanataka kummaliza. Ana miaka sitini na nane. Hana mtoto. Hana simu.

Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia kila kitu, nikilia kwenye simu kama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "pole na ugonjwa. Lakini unamtetea dada yako. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi? Wananchi hawatasikia simu ya mzee anayekufa. Lete kitu mkononi."

Ana haki. Nikampigia tena juzi, hakupokea. Nilipiga na polisi, wakaandika jina langu, wakasema watafuatilia. Jumatatu, ulipokwenda kazini kuaga, nilijaribu kuvaa viatu niende mwenyewe. Ulinikuta sakafuni. Nilikuambia nimeteleza.

Kitu cha mkononi kipo. Kwenye sanduku langu la bati, chini kabisa, chini ya vitabu vya fizikia ambavyo nilijua hutavigusa, kuna daftari la mama yako. Nilishindwa kulichoma. Nilijaribu mara mbili na kiberiti mkononi. Ukurasa wa mwisho alioandika maneno na si namba tu, wa siku tatu kabla ya kufa, umeandikwa hivi, nimeusoma mpaka naujua kwa moyo: "Jumapili jioni. Nimezima vyote tena. Kinazunguka. Baba A. anasema ameangalia hakuna kitu. Sekela kapigwa shoti tena. Nitamwomba fundi wa kanisani aje Alhamisi bila yeye kujua." Alhamisi, Atupele. Alikuwa ameshanisamehe na kunizunguka kwa akili yake, na alikosa siku moja.

Pamoja na daftari kuna ule waya, nimeuzungusha kwenye gazeti. Mahali ngozi yake ilipochubuka na bati panaonekana mpaka leo, shaba imegeuka kijani. Na nyuma ya barua hii nimeandika maneno machache na kutia saini na dole gumba, yasomwe mbele ya watu.

Ninachokuomba ni hiki. Usipande basi la Kigoma kesho. Kazini wanakutarajia Jumatatu, bado siku zipo. Panda daladala, shuka kituo cha Mpemba, panda gari za Ileje, nenda Ikinga. Simama Jumamosi katika mkutano ule. Mimi wataniona kaka anayemtetea dada. Wewe ni mtoto wa marehemu. Hakuna mwingine duniani ambaye akisema "huyu hakumuua mama yangu" watanyamaza wamsikilize. Mjomba wako ukimpigia simu atakuja nawe, akisoma mwandiko wa dada yake. Ni mtu mgumu lakini si mwongo. Mwongo kati yetu nilikuwa mimi.

Usinisamehe leo. Huna muda huo, na mimi sistahili uutumie kwangu. Nichukie ukiwa ndani ya gari, nichukie njia nzima mpaka Ikinga, lakini nenda. Nikifa kabla hujarudi, waache wanizike bila kukusubiri. Usigeuze gari kwa ajili ya maiti yangu ukamwacha mtu aliye hai.

Naona nimeanza kuandika kwa mistari inayopanda. Mkono umechoka.

Ukipata nyumba yako huko Kigoma, zima kila kitu siku ya kwanza, utazame kitaa. Kikipepesa, shusha swichi kuu na umwite fundi, na mtu yeyote mwenye darasa lolote akikuambia ukuta umempiga shoti, mwamini. Ni hilo tu ninalojua kwa uhakika baada ya kusoma kote kule.

Barua hii nitamwomba mama wa jirani aiweke ndani ya kisanduku cha mita, kwa sababu ni mahali pekee ninapojua utafungua leo bila kuambiwa. Utasimama hapo koridoni usome. Mimi nitakuwa kitandani, mlango wazi, taa ya chumbani kwangu ikiwaka. Leo usinisomee namba. Ukiona huwezi, iache taa iwake, nenda kalale, asubuhi upande basi lako, na sitakuita. Lakini ukikubali kwenda kwa Sekela, usije kunieleza, sidhani kama ningeweza kukutazama. Nyosha mkono tu, ushushe swichi kuu.

Nitakuwa naitazama taa.

Baba yako